Gari Likivuma, Simama Usikilize: Safari ya Simbo

Simbo ni kijiji cha wakulima katika Wilaya ya Kigoma. Ukitoka Kigoma mjini kwenda Simbo, unaliacha Ziwa Tanganyika nyuma yako. Unaingia nchi ya michikichi na mihogo. Kutoka Simbo iko barabara ya kwenda kusini hadi Ilagala, penye Mto Malagarasi, na kuendelea hadi Kalya. Magari ya njia hii hubeba watu, mawese, dagaa na wagonjwa.

Zamani watu walifika nchi hii kwa miguu. Misafara kutoka pwani ilitembea miezi mingi hadi Ujiji. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Leo tunapanda gari, na safari ni fupi. Lakini gari hutembea kwa magurudumu. Gurudumu moja likichomoka njiani, watu wanaweza kufa. Kwa hiyo nataka kueleza jambo tulilolipata katika safari yetu.

Tulikuwa watu sita ndani ya gari. Nyuma tulipakia miche 100 ya michikichi, inayotosha karibu ekari 2. Ilikuwa miche ya Tenera, yaani chotara wa Dura na Pisifera. Mbegu hii hutoa mafuta mengi kuliko michikichi yetu ya asili. Wakulima wa Simbo walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo. Walikuwa wanatungoja.

Tulipotoka mjini gari lilikuwa kimya. Mwendo ulipofika kilomita 40 kwa saa, tukasikia mvumo. Ulikuwa kama mvumo wa nyuki ndani ya mzinga. Tulipofika kilomita 60, mvumo ulikuwa mkubwa. Abiria mmoja akasema, "Ni lami tu. Twende, tumekaribia." Lakini alikuwapo mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Akamwambia dereva, "Kijana wangu, chuma hakisemi bure. Kisikilize kwanza."

Yule mzee alitueleza kazi yake ya zamani. Treni iliposimama stesheni, wafanyakazi walipita kando ya mabehewa. Waligonga magurudumu kwa nyundo wakasikiliza mlio. Walipima pia joto la beringi. Beringi yenye moto mkali ilikuwa dalili ya hatari.

Dereva wetu alikubali. Hakubishana na mzee. Akaanza kulipima gari kwa maswali manne.

Swali la kwanza: Je, ni injini?
Dereva alisimamisha gari, akaweka gia huru, akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma kama kawaida. Ule mvumo haukusikika. Kumbe mvumo ulikuja pale tu gari lilipotembea. Basi haikuwa injini. Kipimo hiki kifanywe gari likiwa limesimama. Dereva asiweke gia huru kwenye mteremko, maana gari linaweza kumshinda.

Swali la pili: Je, ni tairi?
Tairi lenye meno makubwa huvuma juu ya lami. Tairi lililolika upande mmoja huvuma pia. Lakini sauti ya tairi hubadilika njia ikibadilika. Tulipoacha lami na kuingia njia ya udongo, mvumo ulibaki vile vile. Dereva alipitisha kiganja juu ya kila tairi. Hakukuta mabonde wala vilima. Basi haikuwa tairi.

Swali la tatu: Je, ni difu?
Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli. Ndani yake mna gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Difu mbovu mara nyingi hubadili sauti dereva anapokanyaga mafuta, au anapoachia. Dereva wetu alikanyaga, kisha akaachia. Mvumo haukubadilika. Ulifuata mwendo wa gari tu. Basi difu haikuwa na dalili ya ubovu.

Swali la nne: Je, ni beringi ya gurudumu?
Beringi ni pete mbili za chuma. Kati yake mna gololi, au vipande vya chuma vilivyo mviringo. Hivyo hufanya gurudumu lizunguke kwa wepesi. Grisi ndiyo chakula cha beringi. Gari likipinda kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia. Likipinda kulia, uzito hulalia ya kushoto. Dereva alikwenda polepole mahali peupe pasipo na watu. Alipopinda kushoto, mvumo ulizidi. Alipopinda kulia, ulipungua. Basi tukashuku upande wa kulia.

Tulifika Simbo kwa mwendo wa taratibu sana. Dereva alisimamisha gari mahali tambarare. Kisha akasogeza nyuma ya mkono wake karibu na kitovu cha kila gurudumu, bila kugusa. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa na joto kuliko mengine. Breki inayokwama nayo huleta joto, kwa hiyo hatukuamua upesi.

Dereva aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Akainua gurudumu lile kwa jeki. Hakuna aliyeingia chini ya gari. Alishika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalizungusha kwa mkono. Likazunguka bila kukwama, lakini likakwaruza kama jiwe la kusagia lililoingia mchanga. Sasa tulikuwa na hakika.

Fundi wa kijiji alifungua gurudumu. Grisi ilikuwa imechanganyika na maji na udongo, ikawa kama uji. Vile vipande vya beringi vilikuwa na vishimo. Fundi akasema kwamba maji huingia gari linapovuka mito na madimbwi, hasa kama mpira wa kuzuia grisi umechakaa. Maji yakiingia, kutu hula chuma.

Kijana mmoja alikwenda mjini kwa pikipiki kununua beringi mpya. Fundi hakutia grisi mpya juu ya beringi mbovu. Hiyo ni kuficha ugonjwa. Alibadili beringi nzima, pamoja na pete yake ya nje na mpira wake. Wakati huo wakulima waliiweka miche chini ya mwembe na kuimwagilia maji. Kesho yake miche yote 100 ilipandwa. Tulichelewa siku moja, lakini hakuna mtu aliyeumia.

Ndugu msomaji, huenda huna gari. Lakini unapanda gari, na kijijini kwako pengine kuna trekta, tela au mkokoteni. Mengi ya haya yana beringi. Kwa hiyo yashike mambo haya:

Ukisikia mvumo mpya, mwambie dereva kwa adabu. Abiria ana haki ya kusema, kwa sababu roho ni yake.

Mvumo ukizidi, au gurudumu likitikisika, gari lisimame. Msiseme, "Tumekaribia." Gurudumu halijui kama mmekaribia.

Baada ya kuvuka maji mengi, beringi zikaguliwe. Magurudumu ya tela na mkokoteni yatiwe grisi kabla ya mavuno, wakati mzigo haujawa mzito.

Nati za gurudumu zikazwe, kisha zikaguliwe tena baada ya mwendo mfupi.

Beringi moja ina gharama, ni kweli. Lakini gari likipinduka, kijiji kitalipa zaidi. Mawese yatamwagika, mgonjwa hatafika hospitali, na watoto watabaki yatima. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.