Kiti cha Usawa wa Nyonga

Mjomba wangu mpendwa,

Huku Reading baridi imeingia mapema mwaka huu.

Ujumbe wako wa sauti kutoka Voi niliupata Jumatatu nikitoka zamu ya usiku. Niliusikiliza mara mbili nikiwa ndani ya gari, kioo cha mbele kikiwa bado kimegandwa na barafu, nikingoja joto liiyeyushe. Kumbe ile picha ya gari langu niliyokutumia uliikuza mpaka ukaona maandishi ya nyuma, T3, ukaenda kumuuliza fundi wa gereji. Naye akakueleza kwamba hiyo ndiyo Volvo XC40 ya ngazi ya chini: injini ya petroli ya lita 1.5, silinda tatu, gia za mkono, inavutwa na magurudumu ya mbele tu. Ukaniuliza, na sauti yako ilikuwa na uchungu kidogo, iweje mtu afike Uingereza, anunue jina kubwa, kisha injini aiache dukani.

Swali hilo limenikaa wiki nzima. Nakujibu hapa gazetini kwa sababu najua huulizi peke yako. Kila Mkenya niliyekutana naye huku ameulizwa na watu wa nyumbani gari gani, silinda ngapi, siti za ngozi au kitambaa.

Nianze na silinda. Ile Vitz yako ya lita moja, inayopanda Wundanyi kila Jumamosi na kurudi na magunia ya mboga, ina silinda tatu. Umeiendesha miaka tisa na sijawahi kukusikia ukiiita nusu gari. Volvo walianza kuunda magari mwaka 1927 kule Gothenburg, Uswidi, na hawakuwahi kuuza gari lenye injini ya silinda tatu mpaka mwaka 2018, walipoitia kwenye hii XC40. Kinachoitofautisha na Vitz ni turbo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, na feni hiyo husindilia hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, kwa hiyo mafuta yale machache yanachomeka kwa nguvu kubwa. Hili langu la mwaka 2019 lina nguvu za farasi 156, zaidi ya mara mbili ya Vitz. Toleo la T5, lenye lita 2.0 na magurudumu manne yanayovuta, lina farasi 247. Ningezipeleka wapi? Mwisho wa mwendo kwenye barabara kuu za huku ni maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 112, na kamera ziko kila mahali.

Asubuhi ya baridi injini huamka na mlio wa kukwaruza kidogo, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusali. Unausikia kwenye usukani, mtetemo mdogo kwenye vidole. Baada ya dakika mbili tatu hutulia, na ukishashika barabara ya M4 huusikii tena.

Sasa nikukumbushe jambo, Mjomba, maana wewe ndiwe uliyenifundisha. Ulikuwa ukituhadithia jinsi mlivyokuwa mkitoroka nyumbani wakati wa Pasaka kwenda kusimama kando ya barabara kungoja magari ya mashindano ya Safari, vumbi likiwaingia mpaka kwenye meno. Na jina ulilolitaja kuliko yote lilikuwa la Joginder Singh, mtoto wa Kericho, Simba wa Kenya. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na nduguye Jaswant. Walishindia gari gani? Volvo PV544, ndogo, yenye mgongo wa duara kama kobe, tena imekwisha kutumika, kwani kiwanda kilikuwa kimeikimbiza mashindanoni kabla hakijaiuza. Joginder alikuja kushinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, gari dogo vilevile. Alifariki London mwaka 2013, na siku ile nilikumbuka sauti yako ukilitamka jina lake.

Lakini kuna sehemu ya habari ya PV544 ambayo hukutuhadithia, na mimi pia niliijua nikiwa huku. Mwaka 1958 Volvo walimwajiri mhandisi aitwaye Nils Bohlin, aliyekuwa akibuni viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege za kivita. Mwaka uliofuata akawa amebuni mkanda wa usalama wa pointi tatu, huu tunaoujua leo, unaopita begani na kiunoni na kushikwa kwa mkono mmoja. Gari la kwanza kabisa kumfikia mteja likiwa na mkanda huo lilikuwa PV544, mwaka 1959. Volvo walikuwa na hataza yake, wakawaachia watengenezaji wengine wautumie. Kila mkanda wa aina hiyo ulioko kwenye Vitz yako, kwenye basi la usiku la kwenda Nairobi, kwenye matatu ya Taveta, asili yake ni pale.

Nimeandika haya yote ili nifike kwa Mama.

Unajua kilichompata mwaka 1998 karibu na Maungu. Gurudumu la matatu aliyopanda lilipasuka, na kwenye siti ya nyuma alikokaa hapakuwa na mkanda hata mmoja wa kumshika mtu. Kwetu mikanda ya matatu ilikuja kwa lazima Februari 2004, kwa zile sheria za Waziri Michuki, pamoja na vidhibiti mwendo. Kwa Mama ilikuwa imechelewa miaka sita. Nyonga yake ya kulia haijawahi kuwa sawa tangu siku ile. Wewe ndiwe uliyekuwa ukimshika mkono kupanda ngazi za kanisa.

Alipopata viza ya kuja kunitembelea, nilikuwa na gari la zamani, la chini sana. Nilimwazia akishuka ndani yake, mgongo umepinda, mkono mmoja ukitafuta pa kushika, kisha akitakiwa kunyanyuka tena kutoka shimoni. Yale magari makubwa ya juu nayo yangemtaka apande. Nikaanza kuzunguka kwenye yadi za magari nikiwa na kipimo kimoja tu mfukoni, utepe wa fundi cherehani. Nilimpigia dada pale Voi ampime Mama kutoka sakafuni hadi kwenye nyonga, akanitumia namba. Muuzaji mmoja aliniuliza nataka rangi gani, nikamwambia nataka kwanza kupima kiti.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa huku wameyaacha magari ya chini wakakimbilia haya mafupi yaliyoinuliwa. Matangazo huonyesha milima na theluji, lakini simama nje ya duka kubwa Jumamosi asubuhi utazame: wazee wenye magoti mabovu, kina mama wanaofunga watoto kwenye viti vya nyuma. Mlango unafunguka, kiti kiko usawa wa nyonga, mtu anakaa kama anavyokaa kitandani, kisha anaingiza miguu. Ni hilo tu, na kwa mtu mwenye nyonga ya Mama ni jambo kubwa sana.

Basi alifika Heathrow alfajiri moja ya Novemba, amejifunga leso mbili juu ya koti. Nilisogeza kiti cha abiria nyuma, nikafungua mlango mpaka mwisho, nikanyoosha mkono ashike. Hakuushika. Alipeleka mkono nyuma akaligusa godoro la kiti, akakaa, akavuta mguu wa kushoto, kisha akaubeba ule wa kulia kwa mikono miwili na kuuingiza. Akanitazama. "Kumbe nimeingia mwenyewe," akasema.

Nilipowasha injini gari likaanza kulia kengele, kwa sababu hakuwa amejifunga mkanda. Nilimvutia, nikamfungia, ukalia ule mlio mdogo wa kushika. Mama aliushika ule ukanda pale unapopita kifuani, akafunga ngumi juu yake, na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani. Karibu saa nzima. Hatukuzungumza juu ya Maungu. Aliuliza tu kama gari za huku hulia hivyo mtu asipofunga, nikamwambia ndiyo, akasema, "Vizuri."

Mjomba, jambo ninalotaka ulijue ni hili. Kile chuma kigumu kinachozunguka abiria katika XC40 ya bei ya juu ndicho kilichomo katika hili langu. Mifuko ya hewa ni ileile. Breki zinazojishika zenyewe gari likiona mtu au baiskeli mbele yake zimo kwenye matoleo yote, na gari lilipopimwa usalama wake na Euro NCAP mwaka 2018 lilipata nyota 5. Nilichokiacha dukani ni ngozi ya viti, paa la kioo, gia zinazojibadili zenyewe, na haraka. Kiti cha kitambaa hakimchomi mtu kwa baridi asubuhi ya Januari, na Mama alikipenda.

Kuhusu pesa nitakueleza kwa ufupi. Magari mengi yanayong'aa huku si mali ya wanaoyaendesha. Mtu anatoa malipo ya mwanzo, analipa kila mwezi miaka mitatu au minne, na mwisho wake anaambiwa atoe donge kubwa la pesa alichukue, au alirudishe. Wengi hurudisha na kuanza upya na jingine. Mimi nilitaka langu liwe langu, kwa hiyo nikanunua lililotumika, kwa mkopo wa kawaida wa benki. Pia kuna mstari wa kodi: gari la petroli ambalo bei yake likiwa jipya ilizidi pauni 40,000 hulipiwa nyongeza kila mwaka kwa miaka 5, hata akilinunua mtu wa pili. Toleo la chini halikuufikia mstari huo. Dizeli niliiogopa kwa sababu safari zangu ni fupifupi, nyumbani hadi hospitali na kurudi, na kile kichujio cha masizi cha dizeli kinataka safari ndefu ili kijisafishe, kisipopata, kinaziba. Petroli haina shida hiyo kwangu. Mjini nakwenda kilomita 10 au 11 kwa lita, barabara kuu hufika 14.

Uliuliza pia kama nitalituma nyumbani nikimaliza nalo. Nimelifikiria kwa moyo wote, na jibu ni hapana. Gari lililotumika likivuka miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia Kenya, nami nimepanga kulitunza hili mpaka lichoke. Na hata lingeruhusiwa, lina mwinuko wa milimita 211 kutoka chini, ambao ni mzuri, ila kuna shida ya ufundi. Kila kitu chake kinasomwa kwa kompyuta. Fundi wako anaijua Vitz kwa masikio tu, akiwa bado upande wa pili wa barabara. Baki nayo.

Nina ombi moja, na ni la Mama pia, alinisisitiza tukiwa njiani kumrudisha uwanja wa ndege. Vile vitambaa vya viti ulivyoshonesha vimefunika mikanda ya nyuma ya Vitz. Nilipokuja Desemba niliitafuta kwa vidole, imo, imeingia katikati ya godoro na mgongo wa siti, ikiwa mizima, haijatumiwa na mtu hata mara moja. Mwite fundi wa viti apasue matundu mahali pa vifungo, kisha mkaza-mjomba aifue ile mikanda kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, iachwe kivulini mpaka ikauke. Watoto watatu hukaa pale nyuma kila Jumapili. Nitapiga simu baada ya ibada nikuulize kama imetoka.

Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Reading