Vigoda vya Zamani na Vipya Katika Nyumba ya Mandera

Mandera ni mji ulio katika pembe ya mwisho kabisa ya Kenya, upande wa kaskazini mashariki. Ng'ambo ya Mto Daua ni Ethiopia, na mtu akivuka mpaka upande wa mashariki huingia Bula Hawa, mji wa Somalia. Kutoka Nairobi ni safari ya kilomita 1,000 na zaidi kwa barabara, na kabati au kochi likipakiwa lorini huko hufika likiwa limegongwagongwa na kujaa vumbi. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa wenyeji wengi ni wana wa wafugaji waliohamahama na ngamia, nyumba za kule hazikuzoea viti vikubwa. Kiti chao ni kigoda.

Wasomali hukiita gambar. Ni kiti kifupi cha miguu mitatu au minne ya mti uliochongwa, na mahali pa kukalia ni ngozi. Ngozi hiyo hufungwa ingali mbichi na imelowa maji. Ikikauka hujikaza yenyewe juu ya mti, wala hapahitajiwi msumari. Siku ya kuhama, wanawake huifungua aqal, yaani nyumba ya matao ya miti na mikeka, na kuipakia yote juu ya ngamia. Katika mzigo wa namna hiyo hakuna nafasi ya kitu kisicho na kazi. Ndiyo maana gambar ni nyepesi, na wepesi wake ndio uzuri wake.

Ndugu yake ni barkin, kijiti cha kulazia shingo, ambacho mchungaji hujinyosha nacho chini ya kivuli. Wazee husema kuwa hakikutengenezwa kumstarehesha mtu sana, kwa maana akizama katika usingizi hutikisika na kumwamsha, na wanyama hawapotei. Waturkana huunganisha kazi zote mbili katika kitu kimoja waitacho ekicholong, na mzee wa Kiturkana hukichukua mkononi kila aendako. Waborana nao wana barcuma yao. Mtu akiviweka vitatu hivi pamoja ukutani, ataona jinsi watu wa nchi kavu walivyofikiri jambo moja kwa njia mbalimbali.

Sasa yuko karani mmoja wa Mandera aliyejijengea nyumba ya mawe yenye bati, na sebule ya kupokelea wageni. Alitandika zulia, akapanga mito ya kuegemea kando ya kuta kama ilivyo desturi, kisha akaagiza kutoka Nairobi kabati kubwa la vioo. Mama yake alikuja kukaa naye baada ya ule ukame ulioanza mwaka 2020, ambao misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mbuzi walikufa, ng'ombe walikufa, hata ngamia. Mama akaja mjini na sufuria mbili, mkeka, na gambar aliyoikalia tangu alipoolewa.

Mwana alitaka kumheshimu mamaye. Aliisugua ile gambar, akaipaka mafuta, akaiweka ndani ya kabati nyuma ya kioo, kati ya bilauri mpya na vikombe vya harusi. Wageni waliisifu sana. Mama hakusema neno. Alikalia kiti cha plastiki ambacho miguu yake haikufika chini vizuri. Akakiacha, akaketi juu ya zulia, na kila alipotaka kuinuka alishika ukuta. Mke wa karani ndiye aliyeliona jambo hilo.

Kosa la namna hii si geni. Kuna vigoda duniani ambavyo havikuumbwa vikaliwe. Waashanti wa Ghana wana Kigoda cha Dhahabu, nao huamini kuwa roho ya taifa lao imo ndani yake. Hata mfalme wao hakikalii. Mwaka 1900 Gavana Frederick Hodgson alifika Kumasi akataka aletewe akikalie yeye, na vita vikazuka, vikiongozwa na Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu. Waashanti walishindwa vitani, lakini kigoda hawakukitoa. Pwani yetu nako, katika Lamu na Siyu, kiti cha enzi chenye nakshi za mfupa huwekwa kwa ajili ya mgeni mkubwa. Gambar si ya jamaa hiyo. Ni kiti cha jikoni na cha chai, na kuikataza isikaliwe ni kuipandisha cheo ambacho haikukiomba.

Jambo likazidi uzito alipopita mfanya biashara wa vitu vya kale. Watu hawa hufuata ukame kama tai wafuatavyo mizoga, maana wakati wa njaa mwenye vyombo huwa hana nguvu ya kubishana. Aliiona gambar kabatini akataja bei ambayo ingetosha karo ya muhula mmoja. Na binti mkubwa wa karani alikuwa ameitwa shule ya sekondari ya bweni, na fedha hazikuwapo. Karani akamwendea mama yake.

"Hooyo, huyu mtu atoa fedha nzuri. Msichana atakwenda shule."

"Mwanangu," mama akajibu, "bei ya kiti hicho naijua, maana nilikinunua kwa mbuzi jike. Muulize yeye bei ya kukaa chini."

Karani alirudi sebuleni akatazama alivyonavyo. Siku ya tatu aliliuza kabati la vioo kwa mwenye duka la vitambaa. Fedha hazikutimia, sehemu iliyobaki aliikopa kwa shemeji yake mwenye shamba la vitunguu kando ya Daua.

Basi nyumba ile ikapambika kwa sababu ya kuondoka kabati, maana sasa ukuta mweupe wa chokaa ulionekana. Gambar ya mama iko karibu na mlango, ambapo yeye hupenda kukaa jioni. Mti wake umekuwa mweusi kwa moshi wa miaka mingi, na weusi huo hupendeza penye ukuta mweupe kuliko picha yoyote. Barkin ya marehemu babu imetundikwa juu, mbali na panya, ambao hupenda ngozi yake ya kushikia. Hiyo haina kazi tena, na kuitundika ni haki yake. Hakuna ajuaye umri wake. Kwa sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nchini bila kibali. Yafaa mwenye kitu kama hicho alijue hilo kabla mfanya biashara hajabisha hodi. Kando ya mito ya kuegemea pana kigoda cha kisasa cha fundi wa jua kali, chenye miguu ya nondo na mkalio wa vipande vya mpira wa gari. Huwekewa chupa ya chai. Si kizuri sana, lakini hakiogopi maji wala mchwa.

Binti aliporudi likizo alitaka gambar yake mwenyewe, ya urefu wa ile ya bibi yake. Fundi seremala wa mjini alichonga miguu vizuri, ila ngozi aliinunua iliyokwisha kukauka, akaigongomea misumari. Katika muda wa juma mbili ikalegea ikabonyea katikati. Bibi akaagiza ngozi mbichi ya mbuzi kutoka kwa wachinjaji, akailoweka usiku kucha, akaketi juu ya kigoda chake akimwonyesha fundi jinsi ya kuivuta pembe kwa pembe, huku akimwambia asiikazie mno, jua litamaliza kazi iliyobaki. Waliianika uwani, kivulini kwanza.