Kiasi cha Bunduki

Mwanafunzi wa leo akiulizwa maana ya neno kiasi, atajibu kwamba ni kipimo au kadiri ya kitu, na mwalimu wake atampa alama zote. Lakini katika Kiswahili cha karne ya 19 neno hilo lilikuwa na maana nyingine pia, iliyofahamika kwa wapagazi na walinzi wa misafara ya bara. Kiasi kilikuwa ni lile ganda lenye fataki, baruti na risasi ndani yake. Bunduki zilizoshindiliwa kwa mdomoni ziliitwa za mrao, za gumegume au za fataki, kwa kufuata namna zilivyowashwa. Zile zilizofunguliwa nyuma na kutiwa ganda zima ziliitwa bunduki za viasi. Aliyelitoa jina hilo alikuwa na jicho kali. Katika bunduki ya namna hii kila kitu kimekwisha kupimwa kabla haijaguswa na mpigaji: baruti, uzito wa risasi, na juu ya yote unene wake.

Mwenye gobori alijipimia mwenyewe. Huku Mkonze, ambako siku hizi ni kata ya Jiji la Dodoma, nilimfahamu katika ujana wangu mzee mmoja aliyelinda mtama wake dhidi ya nguruwe mwitu na nyani. Alikuwa na kalibu ya chuma ya vipande viwili, akiyeyusha madini ya risasi katika kigae na kumimina. Tembe zilipopoa alizikata masalia kwa kisu, kisha akazijaribu mdomoni mwa mtutu mojamoja. Iliyoingia kwa kubana aliirudisha motoni. Nilidhani ajabu, kwani akili ya kitoto husema kwamba kitu kikikaza ndiyo kimefaa. Akaniambia, “Mjukuu wangu, baruti huacha masizi. Inayopita kwa shida sasa hivi, baada ya mlio wa tatu haitapita kabisa, nayo ikikwama katikati, mtutu utapasuka.”

Basi tembe ya gobori sharti iwe nyembamba kuliko mtutu, na ile nafasi inayobaki huzibwa kwa kitambaa chenye mafuta au kwa nyuzi za magome. Hata hivyo moshi hupenya pembeni na nguvu hupotea, na tembe hugongagonga kuta za mtutu hata ikatoka kwa upande ulioigonga mwisho. Kwa sababu hiyo mwenye gobori husogea karibu na mnyama kabla ya kufyatua. Wasafiri wa Kizungu walioandika kwamba Mwafrika hajui kulenga shabaha wangalijaribu kwanza kulenga kwa silaha hiyo.

Bunduki yenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu hudai kinyume chake. Humo risasi haina budi kuwa nene kidogo kuliko tundu, ili iuume mfereji na kuzungushwa. Ikiwa nyembamba, moshi wa moto huipita na kuilamba, risasi huacha utando mtutuni, wala haizunguki vema. Ikizidi unene, tatizo huhamia nyuma, katika chemba. Shingo ya ganda huvimba ili kuiachia risasi. Kama chemba haina nafasi ya uvimbe huo, risasi hung'ang'aniwa, na nguvu ya baruti hutafuta njia nyingine ya kutokea. Katika mashairi mizani ikizidi moja, huumia sikio la msikilizaji. Katika bunduki huumia uso wa mpigaji.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Wajerumani walipobadili risasi ya bunduki zao za kivita mwanzoni mwa karne ya 20, unene uliongezeka kutoka takriban milimita 8.1 hadi 8.2, kadiri ya karatasi moja nene. Kwa ajili ya karatasi hiyo ililazimu shingo ya chemba ipanuliwe katika bunduki za zamani, nazo zikapigwa chapa ya herufi S ili askari asikosee.

Hapa ndipo naliona jambo ambalo vitabu vyetu vya historia hulipita haraka. Gobori halikuwa na ubora, lakini kipimo chake kilikaa mkononi mwa mwenyewe: fundi wa kijijini aliweza kurekebisha kalibu, na madini yoyote laini yakafaa. Bunduki ya viasi ilikihamisha kipimo hicho hadi kiwandani, ng'ambo ya bahari. Wahehe walipowashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 waliteka bunduki zipatazo 300. Ushindi ulikuwa mkubwa. Lakini kila kiasi kilichopigwa kilikuwa kimekwisha, na duka la kununulia kingine lilikuwa la adui. Wenye viwanda walilijua hilo. Katika Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ulioandikwa kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, walizuia pia bunduki za mifereji na za viasi zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa kibali chao. Zile za gumegume zisizo na mifereji ziliachiwa mlango wazi zaidi.

Kisha zamu ikawafikia wao wenyewe. Vita ilipozuka mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani hapa nchini zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, za milimita 11, ambazo risasi yake ilivingirishwa karatasi na moshi wake ulimfichua mpigaji. Bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza. Meli ya Rubens iliyowaletea silaha mwezi Aprili 1915 ilizamia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Viasi vikaopolewa majini, vikafunguliwa, baruti ikaanikwa juani, vikafungwa upya. Wakati huo Ugogo ulikuwa ukitozwa nafaka, ng'ombe na wapagazi, na ikafuata njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya.

Viasi vya Kijerumani vilipozidi kupungua, askari walichukua bunduki za waliowashinda. Huko Ngomano, Novemba 1917, waliteka za Wareno, za milimita 6.5, za Waingereza zilikuwa za 7.7. Hakuna kiasi kimoja kilichoweza kukaa katika chemba ya mwenzake. Waliposalimisha silaha zao Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, zilihesabiwa bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.