Lorugum, Jirani wa Mto wa Umeme

Msomaji ambaye hajawahi kukanyaga Turkana huenda akadhani kwamba huko kote ni mchanga, jua na ngamia. Na aende Lorugum. Kituo hiki, ambacho ni makao ya utawala wa Loima, kiko kusini-magharibi mwa mji wa Lodwar. Utapita tambarare kavu yenye vichuguu na miiba, mara utaona mstari wa kijani umejinyoosha mbele yako kama mkeka. Huo ni Mto Turkwel.

Chini ya kivuli chake ndipo maisha yalipo. Pana migunga mikubwa ambayo Waturkana huiita ewoi, na mikoma ambayo majani yake akina mama husukia vikapu. Nyasi zikiisha, mbuzi hula maganda ya mbegu za migunga. Mgeni asidhani kwamba mti ulio mwituni hauna mwenyewe! Familia hushika sehemu zao za miti kando ya mto, nazo huitwa ekwar, na kuingiza mifugo humo bila idhini ni kutafuta ugomvi. Kwingineko maji huchepushwa kwa mifereji yakanyweshe mtama na mahindi. Tatizo ni mathenge, mti wa kigeni wenye miiba mikali, ambao umevamia kingo za mto na kusonga miti ya asili.

Maji haya hayakunyesha hapa. Yametoka Mlima Elgon, ambako mto huitwa Suam, yakashuka kupitia Pokot Magharibi hadi kwenye korongo jembamba la mawe. Katika korongo hilo, kati ya mwaka 1986 na 1991, kampuni za Ufaransa zilijenga bwawa la Turkwel. Ukuta wake una kimo cha mita 153. Jumba la KICC jijini Nairobi, lenye mita 105, lingesimama nyuma ya ukuta huo na paa lake lisionekane. Gharama na namna mkataba ulivyotolewa vilizua maneno mengi magazetini, hata nje ya nchi.

Kazi yake si ngumu kuelewa. Ukuta huzuia maji yapande juu. Kisha yanaachiliwa yaporomoke ndani ya njia iliyochimbwa mwambani hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi. Uzito na kasi ya maporomoko hayo huzungusha magurudumu mawili, nayo hutoa umeme wa megawati 106. Maji yenyewe hayapungui hata tone kwa kazi hiyo. Yakishatoka huendelea na safari yake kuelekea Lorugum, Lodwar na Ziwa Turkana.

Umeme, hata hivyo, ulishika njia nyingine. Waya za kilovolti 220 zilivutwa kusini hadi Lessos, ukaingia katika gridi ya taifa. Mji wa Lodwar, ulio kando ya mto ule ule, uliendelea kwa miaka mingi kuwashiwa taa na jenereta za dizeli, na mafuta yake yakaletwa kwa malori kutoka mbali. Vijijini walibaki na koroboi. Wataalamu watakwambia kwamba si rahisi kushusha umeme wa nguvu kubwa kwa ajili ya wateja wachache waliotawanyika, na ni kweli. Lakini mtoto anayesoma kwa koroboi, na mto wenye megawati 106 unapita nyuma ya nyumba yao, ana haki ya kuuliza.

Kuna na jambo jingine ambalo wafugaji hulitaja kuliko umeme. Zamani mvua za milimani zilipozidi, mto ulifurika, ukaacha tope lenye rutuba, na mbegu za migunga zikaota. Bwawa limetuliza mto. Mtu wa mjini atasema afadhali, lakini msitu huo ulizoea kunyweshwa na mafuriko, na miche ikikosa kuota leo, hakutakuwa na kivuli cha kesho. Hofu ya mafuriko nayo haikwisha: mwaka 2020 bwawa lilijaa karibu na ukingo, wakazi wa chini wakaonywa wahame kingoni.

Upande wa kaskazini, Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, Mto Tarach huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Hapo hakuna la kuzungusha mtambo. Ndugu zetu wa Mombasa wana bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, na Wafaransa hao hao hutumia nguvu kama hiyo kule Rance tangu mwaka 1966, megawati 240. Turkana, kilicho karibu ni jua, na paneli za sola zimeanza kuonekana juu ya mabati ya maduka.

Anayetaka kuliona bwawa ashike barabara ya Kitale, apite Kapenguria na Marich, kisha aulizie njia ya korongoni karibu na Kainuk. Aulize pia habari za usalama kabla ya kuondoka, na abebe maji ya kutosha. Akikuta laga inatiririka, asivuke. Aketi chini ya mti, asubiri maji yapungue.