Tabaka Lisilo na Ulimi

Ajengaye ghorofa huanza na msingi, wala hamlazimishi akaaye juu kujua idadi ya mawe yaliyo chini ya nyayo zake. Raha ya wa juu ni kuuamini msingi. Wajibu wa msingi ni kustahili kuaminiwa. Sanaa ya kutunga programu za kompyuta imesimama juu ya mapatano hayo.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si fundi wa mitambo. Lakini kila nifunguapo somo la sarufi humkumbuka Edsger Dijkstra wa Uholanzi. Mwaka 1968 alieleza mfumo endeshi ambao yeye na wenzake waliutunga katika chuo cha ufundi cha Eindhoven kwa kompyuta ya Electrologica X8. Tabaka 0 liligawa zamu za prosesa. Tabaka 1 lilitunza kumbukumbu, pamoja na ngoma ya sumaku iliyohifadhi ziada yake. Tabaka 2 lilipitisha maongezi baina ya mashine na mwendeshaji. Tabaka 3 lilisimamia vyombo vya kuingizia na kutolea habari. Programu za watumiaji zilikaa tabaka 4. Naye mwendeshaji alihesabiwa tabaka 5. Sharti lilikuwa moja: la juu hutumia la chini, la chini halitumii la juu. Kila tabaka lilijaribiwa kabla ya jingine kuwekwa juu yake. Kosa likitokea, mahali pa kulitafuta palikuwa padogo.

Lakini hakuna utaratibu usio na gharama. Tabaka la kumbukumbu lilikuwa chini ya tabaka la maongezi. Basi ngoma ikiharibika, lililoyaona madhara halikuwa na njia ya kumwarifu mwendeshaji. Lilijua, lakini halikuwa na ulimi.

Hapo huitazama kazi yangu kwa mashaka. Nasi hufundisha sauti kwanza, kisha neno, kisha sentensi, kana kwamba neno halina haja na kilicho juu yake. Kiswahili hakikubali. Twasema mtoto aliyemwona, kitabu alichokiona: umbo lililo ndani ya neno hubadilika kwa kutii nomino iliyo nje yake. Mwanafunzi aliyefungiwa katika tabaka la neno hataweza kulieleza mpaka apande kwenye sentensi.

Sisemi matabaka yabomolewe. Pasipo hayo, akili ya mtu mmoja haiwezi kubeba mashine nzima wala lugha nzima. Nasema tu kwamba ayapangaye, kabla ya kufunga dari, na aulize: wa chini akiumia, atasema kwa njia gani?