Kifua cha Farasi

Farasi akiugua hawezi kutaja mahali pa maumivu yake. Humlazimu mtunzaji wake kusoma dalili, na msomaji mvivu huleta msiba. Mimi nilipata kuwa msomaji wa namna hiyo.

Katika ujana wangu nilikuwa saisi. Siku moja nilisafiri na farasi jike ndani ya lori kutoka Nanyuki kwenda Nairobi. Kwa kuchelea asiwaume wenzake, nilimfunga kichwa juu kwa kamba fupi. Lori likaharibika njiani, tukafika kesho yake, kamba sikuilegeza.

Siku ya tatu aliacha nusu ya majani yake horini. Nikasema moyoni kuwa ni uchovu. Siku ya nne alihema upesi na hakutaka kugeuka, ndipo nikamwita daktari wa mifugo. Daktari akahesabu pumzi zake: 36 kwa dakika. Farasi mzima wa afya, akiwa ametulia, huvuta pumzi 8 hadi 16 tu.

Niliuliza kwa nini asipigwe picha ya eksirei. Akanijibu kuwa kifua cha farasi mkubwa ni kipana mno, mashine ndogo ya kubebwa haikipenyi vizuri. Yahitajiwa mashine yenye nguvu, nayo hupiga picha kadhaa, sehemu baada ya sehemu, mpaka pafu lote lionekane. Mtoto wa farasi, kwa wembamba wa kifua chake, ni rahisi zaidi.

Badala yake alitoa chombo cha mawimbi ya sauti isiyosikika kwa sikio la mtu. Akalowesha manyoya kwa spiriti, akakitelezesha chombo katikati ya mbavu, toka juu hadi chini. Pafu lililojaa hewa huyarudisha mawimbi hayo kama ukuta urudishavyo mwangwi, bali maji huyapitisha. Kiooni palionekana mstari mweupe juu, na chini weusi mtupu. Maji yalikuwa yamejaa baina ya pafu na mbavu.

Daktari akauliza alivyosafirishwa, nami nikasema kweli. Farasi huinamisha kichwa ili uchafu wa njia ya pumzi utiririke nje. Akizuiwa, vijidudu hushuka mapafuni. Kamba yangu ndiyo iliyoufungulia ugonjwa mlango.

Maji yalitolewa kwa mrija, dawa zikafuata kwa majuma mengi, naye akapona.

Tangu hapo najua kuwa kila chombo kina upofu wake. Mawimbi ya sauti hayalioni jipu lililo ndani sana, lililozungukwa na hewa. Eksirei yaweza kulionyesha. Eksirei nayo huyafanya maji na pafu lililo nyuma yake kuwa kivuli kimoja, mawimbi huvitenga. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Lakini hakuna chombo kiendacho zizini chenyewe. Sharti kwanza mtu ayaone majani yaliyobaki horini, na akubali kuwa ameyaona. Mimi niliyaona siku moja kabla ya kumwita daktari, na siku hiyo moja ingalitosha kumwua.