Kutoka Nyawera Hadi Tshivanga kwa Kinga

Bukavu si mji wa baiskeli. Umekaa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu na kwenye miteremko iliyo nyuma yake, na kupanda kutoka ziwani hadi Kadutu kunamtoa mtu jasho hata kama hakubeba kitu. Ndiyo maana kiangazi cha 2024, tangazo lilipobandikwa ofisini kwamba kampuni itatoa timu kwenye msafara wa baiskeli wa kuchangia kituo cha watoto wenye ulemavu, wengi walicheka. Mimi nilijiandikisha kwa sababu Mama Mhasibu, mwenye wajukuu, alikuwa ameshaandika jina lake juu kabisa.

Utaratibu ulikuwa huu: kila mmoja atafute watu wa kumwahidi pesa kwa kila kilomita atakayomaliza. Fundi wa jenereta aliahidiwa franga 500 na kila shangazi yake, na anao wengi. Mkurugenzi alituahidi dola 2 kila mtu, akapigiwa makofi. Kinga, yaani baiskeli zenyewe, nyingi tulizikodi ng'ambo ya mto Ruzizi, Kamembe, zikavuka mpaka kwa karatasi nyingi kuliko zinazohitajiwa na binadamu.

Tuliondoka Nyawera alfajiri, tukapita Major Vangu, tukashika barabara ya Goma. Fulana zetu zilikuwa mpya, zote za rangi moja. Upande wa pili wa barabara walikuja wanaume wa makaa, nao wakienda sokoni Bukavu, kinga zao zimefungwa magunia hadi usukani hauonekani. Hawapandi, wanasukuma, na kwenye mteremko wanakandamiza gurudumu la nyuma kwa soli ya kandambili ili mzigo usiwakimbie. Huku Kivu baiskeli ni lori la asiye na lori. Walitutazama kwa mshangao wa adabu.

Mudaka tulisimama kununua ndizi. Mama mmoja muuzaji alizunguka kinga zetu, akatafuta magunia, hakuyaona.

"Mumebeba nini, watoto wangu?"

"Hatukubeba kitu, Mama."

"Sasa kinga zote hizi munapeleka wapi?"

Mama Mhasibu alimweleza kwa lugha ya Mashi, taratibu, habari za watoto wasiotembea na za viti vya magurudumu. Yule mama alisikiliza, akauliza kama watoto wenyewe watakuwa mbele yetu huko tuendako. Hapana, wako Bukavu. Akauliza kwa nini basi tunawapa mgongo. Hakuna aliyekuwa na jibu zuri, na mpaka leo sijalipata. Hata hivyo alifungua pindo la kitenge, akatoa franga 500, akamkabidhi Mama Mhasibu.

Baada ya Murhesa tulifika Miti, barabara inapogawanyika. Kulia ni Kavumu na uwanja wa ndege, ambao waasi wa M23 waliuteka Februari 2025 kabla ya kuingia Bukavu. Siku ya msafara wetu palikuwa na wauza maziwa tu na pikipiki. Sisi tulikwenda kushoto, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari. Tshivanga, mwisho wa safari yetu, iko juu ya mita 2,000, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inakungoja baada ya Miti. Tulipita mashamba ya chai na mikaratusi, kisha baridi ikaanza kushuka. Fundi wa jenereta alishuka akasukuma. Nami nikasukuma. Mama Mhasibu alibaki juu ya tandiko, polepole mno, akihesabu kwa sauti.

Tshivanga ndilo lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1980. Askari wa hifadhi walitupa chai na kutuuliza kama tumekuja kuona sokwe. Bei ya kibali ilitosha kununua nusu ya kiti cha magurudumu, kwa hiyo tuliridhika na picha ya pamoja chini ya Mlima Kahuzi uliojificha mawinguni.

Jumatatu Mama Mhasibu alianza kukusanya ahadi. Shangazi za fundi walilipa wiki ileile. Mteja mmoja alileta noti ya dola 20 iliyochanika pembeni, ikarudishwa, maana Bukavu noti ya namna hiyo haipokelewi hata sokoni. Karatasi ya michango ilibandikwa ukutani karibu na mlango, mstari wa kwanza ukiwa "Mama wa Mudaka, FC 500, amelipa". Mkurugenzi alikuwa wa mwisho kulipa, tena baada ya kuuliza kama kilomita tulizosukuma nazo zinahesabiwa.